Kundi letu la waandishi limebaki watu saba. Tufanyeje lifike mwisho wa mwaka?

Swali la msomaji: "Mimi ni katibu wa kundi la waandishi hapa Umoja, Nairobi. Tulianza Januari tukiwa watu 22, tukikutana Jumamosi mbili kila mwezi. Sasa ni Juni, na kikao kilichopita tulikuwa 7. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Kila anayesoma kazi yake tunampongeza. Tulikuwa tumepanga kutoa kitabu Desemba. Je, tusajili kundi ili watu waone ni jambo la maana? Na hicho kitabu bado kinawezekana?"

Dada, sentensi moja ya barua yako nimeirudia mara tatu: "Kila anayesoma kazi yake tunampongeza." Naamini huo ndio mlango waliotokea wenzenu 15.

Mimi ni mhariri wa vitabu. Kwa miaka zaidi ya 15 nimekaa na vikundi vya waandishi hapa mjini, vingine nikiwa mwanachama, vingine nikialikwa tu kuja kusoma. Vichache nimeviona vikivunjwa na pesa. Kimoja kilivunjwa na swali la nani awe mwenyekiti. Vilivyobaki vilikufa kama chenu kinavyotaka kufa, kimya kimya, bila mtu kumkosea mtu, kila kikao kikiisha kwa makofi.

Mfikirie mwanachama anayetoka Kawangware. Anapanda matatu hadi katikati ya mji, anavuka mji kwa miguu, anapanda nyingine hadi kwenu. Mkobani ana hadithi aliyoiandika usiku watoto wakishalala. Zamu yake inafika, anasoma kwa sauti inayotetemeka, mnampigia makofi, mmoja anasema "hongera sana, endelea vivyo hivyo," na mwingine anaanza kusoma yake. Anaporudi nyumbani jioni hajui lolote ambalo hakulijua asubuhi. Hajui kama mwisho wa hadithi ulieleweka. Hajui kama kuna aliyegundua kwamba yule mjomba alikuwa anadanganya. Safari ya pili inakuwa vilevile. Safari ya tatu mvua ya Aprili inanyesha, nauli inapanda maradufu, naye anakaa nyumbani. Hana kinyongo na mtu. Ameona tu kwamba alichokifuata hakipo.

Makofi ni adabu nzuri, na siwaombi muwe watu wakali. Ukali nao nimeuona ukiua vikundi, na huua upesi zaidi. Ninachowaomba ni msome. Kusikiliza kazi ikisomwa mara moja, kelele za barabarani zikiingia dirishani, si kuisoma. Kazi isomwe kabla ya kikao, kalamu mkononi.

Utaratibu ambao nimeuona ukifaa ni huu. Kila kikao kiwe na waandishi wawili tu, hata kama kumi wanatamani. Kazi itumwe kwenye simu za wanachama si baada ya Jumatano, isizidi kurasa 8. Asiyependa kusomea kwenye simu atoe kopi, na gharama hiyo ibebwe na mfuko wa kundi, kwa sababu mwenye simu ndogo asiwe msomaji wa daraja la pili. Siku ya kikao mwandishi asome ukurasa mmoja kwa sauti ili watu waisikie lugha yake, kisha anyamaze. Hapa ndipo pagumu. Akianza kueleza "nilikuwa nataka kusema kwamba…" basi wasomaji wataacha kuongea juu ya kilichoandikwa na kuanza kuongea juu ya alichokusudia. Anyamaze mpaka wote wamalize, aandike tu.

Na la kwanza kuulizwa lisiwe "mnaonaje?" Swali hilo ndilo linalozaa hongera. Mwulizeni mtu mmoja asimulie kwa maneno yake nini kimetokea katika hadithi. Kisha mwingine, kisha wa tatu.

Nitakupa mfano. Kijana mmoja alituletea hadithi ya makanga, yaani kondakta, wa matatu za Buruburu aliyeokota bahasha yenye pesa kitini, akashinda nayo kutwa nzima, na jioni akairudisha. Tulipowaomba watu wasimulie, wa kwanza alisema makanga aliirudisha kwa kuwa aliona polisi stendi. Wa pili alisema ni kwa kuwa mwenye bahasha alifanana na mama yake. Wa tatu alidhani hakuirudisha kabisa, aliota tu. Mwandishi alikuwa ameinama, kalamu imemkauka mkononi. Yeye alikuwa ameandika hadithi ya mtu anayemcha Mungu! Lakini alipoenda nyumbani akagundua kwamba kule kufanana na mama, ambako alikuwa amekutaja kwa mstari mmoja tu kwenye ukurasa wa pili, ndiko kulikomgusa msomaji. Mahubiri ya mwisho hayakumgusa yeyote. Aliiandika upya mara tatu. Hadithi aliyoileta Agosti ilimhusu makanga na mama yake, na bahasha ilikuwa kisingizio tu. Hakuna aliyemsifu siku ile ya kwanza, wala hakuna aliyemkosoa. Tulimwambia tulichosoma, basi.

Wasomaji wakishasimulia, waulizeni walichoka wapi. Ukurasa gani, aya gani. Mtu akisema "hadithi ni ndefu" hamsaidii mwandishi. Akisema "nilipofika pale mjomba anaanza kueleza historia ya shamba, niliangalia simu yangu," amempa kitu cha kwenda nacho nyumbani.

Mashairi yanataka mkono mwingine kidogo, na Nairobi ndipo ninapoona yanaonewa zaidi. Anayetunga shairi la arudhi, yaani lenye vina na mizani, huambiwa amepitwa na wakati. Anayetunga shairi huru huambiwa hajui kutunga. Mabishano hayo ni makongwe, yalichemka tangu miaka ya 1970, na hamtayamaliza nyinyi mkiwa ukumbini Umoja. Msomeni kila mtu kwa kanuni aliyojiwekea. Kama amechagua mizani 8 kwa 8, yaani silabi 8 katika kila kipande cha mshororo, basi mhesabieni kwa vidole, bila huruma.

Mama mmoja aliwahi kutuletea mshororo huu: "Mtoto wa mtaani, analala barabarani." Ukwapi, kipande cha kwanza, uko sawa: m-to-to-wa-m-ta-a-ni, mizani 8. (Wengi huisahau ile "m" ya mwanzo. Ni silabi kamili, ihesabiwe.) Utao, kipande cha pili, ndio uliofura: a-na-la-la-ba-ra-ba-ra-ni, mizani 9. Tukakaa nao. Hatimaye mwenyewe akasema, "Hulala." Hulala barabarani. Mizani 8. Angalieni kilichotokea: "analala" ni usiku mmoja, "hulala" ni kila usiku. Kuhesabu vidole kulimpa mshororo wenye uchungu zaidi kuliko ule alioupenda. Ndiyo maana huwa nawaambia washairi chipukizi wasizichukie mizani kabla hawajaishi nazo.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja, lakini kwa kundi la Nairobi lazima lipo: lugha. Bila shaka mna mtu wa Pwani anayesahihisha ngeli za kila mtu, na mna vijana ambao Kiswahili chao cha kwanza ni Sheng, na mna waliojifunza Kiswahili darasani baada ya lugha ya nyumbani, nao ndio wengi. Wale wa tatu huondoka kwa aibu. Niliwahi kumwona mwalimu mzuri sana, mwenye hadithi ambazo sijaona mfano wake, akiacha kuja kwa sababu mtu alimcheka siku aliposema "kitabu yangu" akizungumza. Akizungumza, si akiandika! Wekeni kanuni kwamba sarufi husahihishwa kwa kalamu pembezoni mwa karatasi, na mwandishi akabidhiwe karatasi yake. Isisemwe mbele za watu. Muda wa kikao ni wa hadithi.

Kuhusu Sheng, msimamo wangu ni mmoja. Mhusika azungumze anavyozungumza mtu kama yeye. Makanga anayesema "la hasha, sikubaliani nawe" ni uongo. Lakini msimulizi achague lugha yake na aijue mpaka ncha ya mwisho, iwe sanifu au ya mtaani. Kinachochosha ni msimulizi anayerukaruka bila kujua kwamba ameruka.

Sasa mwaka wenyewe. Kundi la Nairobi lina majira yake, na mengi ya mnayoyaona kama udhaifu wa watu ni kalenda tu. Januari watu hujaa kwa sababu mwaka ni mpya, kisha karo huwapunguza. Machi hadi Mei ni masika na foleni. Aprili na Agosti shule zimefungwa, wazazi wana watoto nyumbani. Julai ni baridi, na ukumbi usio na jua saa kumi jioni humfukuza hata mwenye nia. Kisha mwisho wa Oktoba na Novemba mzima ni mitihani ya kitaifa, nao walimu, ambao katika kila kundi nililolijua ni nusu ya wanachama au zaidi, wanasimamia vyumba vya mtihani, na baadhi huendelea kusahihisha hadi Desemba. Katikati ya Desemba mji umehamia ushago.

Kwa hiyo Desemba si mwezi wa kuzindua kitabu. Utazindulia viti. Pangeni wikendi moja ya mwanzo wa Oktoba, kabla ya mitihani. Mtauliza kama miezi minne inatosha. Kwa watu 7 inatosha.

Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO iliipitisha Novemba 2021, ikaadhimishwa mara ya kwanza 2022. Itumieni kama siku ya kusoma hadharani, japo mbele ya watu 20 tu: majirani, wanafunzi wachache, mama mwenye kibanda cha chai. Msisome kazi mpya. Someni zile ambazo zimekwisha kupita mikononi mwa kundi na kuandikwa upya. Hapo makofi yana haki yake, na mwandishi atayasikia tofauti.

Mahali pasiwasumbue sana. Mkutane maktabani mkiweza. Upande wenu wa mji kuna Maktaba ya Kaloleni na ile ya Makadara, zote za kaunti, na kuna maktaba nyingine ya umma Buruburu. Nendeni mkamwone msimamizi ana kwa ana, mweleze mko wangapi na mtakaa saa ngapi. Mara moja kwa mwaka panda na wenzako hadi Maktaba ya McMillan, Mtaa wa Banda, hata kama ni kukaa saa moja tu. Jengo lile lilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo akasoma. Mimi kila nikiwaona watu wazima wakibishana juu ya mshororo wa Kiswahili kwenye ngazi zile, kooni hunikaba.

Septemba kwa kawaida Chama cha Wachapishaji wa Kenya huandaa maonyesho ya kimataifa ya vitabu hapa Nairobi. Nendeni kwa pamoja. Msiende kugawa miswada, maana wachapishaji wengi siku hizo wanatazama vitabu vya shule na hawatakuwa na nafasi ya kuwasikiliza. Nendeni mshike vitabu vya hadithi na diwani mkononi, mwangalie jalada limefanywaje, herufi zina ukubwa gani, bei ni ngapi. Mtarudi mkijua kitabu chenu kinataka kufanana na nini.

Tuzo mtazisikia zikitajwa, na kuna wanachama ambao huja kwa ajili yake tu. Ile ya Jomo Kenyatta, iliyotolewa mara ya kwanza 1974, huangalia vitabu vilivyokwisha kuchapishwa. Ile ya Safal, iliyoanza 2014 kama Tuzo ya Mabati-Cornell, hupokea hata miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa, lakini ni miswada mizima, si hadithi moja ya kurasa 6. Mwenye riwaya au diwani kamili na aipeleke. Kwa mwaka wa kwanza wa kundi, ningependa zaidi muwe na mazoea ya kutuma shairi gazetini. Taifa Leo imekuwa ikichapa mashairi ya wasomaji kwa miaka mingi, na shairi lililochapwa gazetini hukatwa kwa makasi na kutunzwa na familia nzima.

Umeuliza kuhusu usajili. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10. Nyinyi mko 7. Lakini hata mngekuwa 30 ningewaambia msubiri. Cheti kina maana mkitaka akaunti ya benki au mkiomba ufadhili. Hakijawahi kumrudisha mtu kikaoni. Nimeona kundi lililotumia vikao vinne mfululizo kujadili katiba, na katika vikao hivyo vinne halikusoma hata ubeti mmoja. Kwa sasa mtoe shilingi 100 kila kikao, ziingie kwenye simu ya mweka hazina, naye atume hesabu kwa wote jioni ileile. Inatosha.

Na kitabu. Fanyeni hesabu hii: watu 7 kwa kurasa 6 kila mmoja ni kurasa 42. Ongezeni 6 za mwanzo, yaani jina la kitabu, ukurasa wa hakimiliki, yaliyomo na dibaji fupi. Jumla ni 48, ambazo ni formu 3 (karatasi kubwa za chapa zinazokunjwa) za kurasa 16, hesabu ambayo mpiga chapa ataifurahia. Kijitabu cha kupigwa pini kinataka idadi inayogawanyika kwa 4, la sivyo mtalipia kurasa tupu.

Kabla ya kupeleka chochote, kila mwandishi atie sahihi karatasi moja. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi ni ya mtunzi tangu anapoiandika, hata kabla ya kuisajili popote, na ulinzi huo unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kundi halimiliki hadithi ya mtu. Karatasi iseme kwamba mwandishi ameruhusu kundi kuichapa hadithi yake katika mkusanyiko huu, mara moja, nakala kadhaa, na kwamba akitaka kuipeleka kwingine baadaye yuko huru. Andikeni pia pesa za mauzo zitagawanywaje. Karatasi hii moja imeokoa urafiki mwingi. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, mtaiomba kwa Huduma ya Maktaba za Kitaifa, na sheria ya vitabu inataka nakala mbili zipelekwe kwa Msajili wa Vitabu na Magazeti. Mkitaka tu kijitabu cha kugawiana nyinyi na jamaa zenu, ISBN si lazima, lakini mkitaka duka likipokee, iombeni mapema.

Wapiga chapa mtawapata tele River Road na Kirinyaga Road. Ulizeni watatu bei, na kwa yeyote mtakayemchagua, daini prufu ya karatasi, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa. Hili naliomba kwa moyo wangu wote. Mkusanyiko wa pili wa kundi letu tuliupitisha kwa kuangalia picha kwenye simu, kwa sababu tulikuwa tunakimbizana na siku ya uzinduzi. Nakala 200 zikaja, na shairi la mzee wetu mmoja, mtu wa miaka 70 na ushei, lilikuwa limekatika ubeti wa mwisho. Alikuwa amewaleta wajukuu zake wamwone akisoma. Alifika mwisho wa ukurasa, akatulia kidogo, kisha akaweka mkono wake juu ya kitabu na kuusema ubeti uliokosekana kwa moyo, hadi neno la mwisho. Hakutulaumu hata siku moja. Kosa lilikuwa letu sisi wahariri, na tangu siku ile sijawahi kupitisha kitu bila kukishika kwenye karatasi.

Baada ya Oktoba legezeni kamba. Novemba na Desemba msiitane. Gawaneni wawili wawili, kila mtu na msomaji wake, wapelekeane kurasa pale wanapopata nafasi. Januari mtajaa tena, na safari hii wanaokuja watakuta kazi inafanyika.

Wale 15 usiwatumie ujumbe wa pamoja wa "tunawakumbuka, karibuni". Wameshaupata mara nyingi. Tafuta karatasi za Januari na Februari, au waombe wenzako wakumbuke nani alisoma nini. Chagueni tatu, mzisome nyinyi 7 kwa namna niliyokueleza, kila mmoja na kalamu yake. Kisha mpigie mwenye hadithi simu, wewe mwenyewe, jioni akishafika nyumbani. Mwambie mmeisoma. Mwambie kwamba wawili kati yenu wanadhani mjomba anadanganya, wanne wanadhani anasema kweli, na mmoja hana hakika, na kwamba Jumamosi mtaibishania. Halafu mwulize kama angependa kuja kusikiliza.